Meli za maharamia kwenye Unciv: kwa mnaoanza

Wadogo zangu mnaoanza kucheza Unciv, ule mchezo wa kujenga taifa na kupigana kwa zamu, hapa Mbeya, karibuni. Mchezo ni wa bure, na ukishaupakua hauli bando. Naona wengi mkifika baharini mnaunda Frigate tu, ile meli ya mizinga, mnapiga kwa mbali hadi kila chombo cha adui kizame. Ile ni mali mnayoizamisha. Kuna Privateer, meli ya maharamia, na ndiyo ninayotaka muijue vizuri.

Inapatikana ukishavumbua teknolojia ya Navigation. Nguvu yake ni 25, mwendo wake vigae (vipande vya ramani) 5 kwa zamu, na sharti isogee hadi ubavuni mwa adui ndipo ipige. Utamu wake ni huu: meli ya adui ikimalizwa na Privateer, inaweza kuhamia kwako badala ya kuzama. Ni kama kwenye bao, kete ulizokula haziondoki mchezoni, unazipanda upande wako.

Haitokei kila mara. Mchezo unalinganisha nguvu za meli hizo mbili, kwa hiyo Caravel yenye 20 utaiteka kwa urahisi kuliko Ironclad yenye 45. Ila jambo kubwa ni nani anapiga pigo la mwisho. Frigate ikiua, umepata sifa tu. Basi anzeni na Frigate, zimchoshe adui kutoka vigae 2, halafu zinyamaze. Kabla ya kila shambulio mguse adui bila kuthibitisha, usome makadirio ya uhai utakaobaki. Ukiona Frigate inayofuata itamuua, izuie hata kama ina risasi. Hapo ndipo Privateer inaingia. Subira hii ni ngumu kwa mgeni, lakini ndiyo inayojenga jeshi la majini bila kulipia bandarini.

Meli uliyoiteka hufika ikiwa imeumia. Usiipeleke vitani palepale, kwa sababu meli hazijitibu zikiwa kwenye maji ya adui wala bahari kuu; irudishe kwenye maji yako kwanza. Na miji ya adui hupiga hadi vigae 2, kwa hiyo mahali pa kuegesha ni kigae cha 3 kutoka mjini. Mwendo wa 5 unatosha kuingia na kupiga.

Ikiushambulia mji, Privateer inakuletea dhahabu kulingana na madhara uliyoyafanya. Kizuri, ila mji nao unakurudishia kipigo, kwa hiyo msiitegemee kama mshahara.

Msidhani pia kwamba ni uharamia wa kujificha. Meli inabeba bendera yako, na huwezi kugusa chombo cha taifa lingine kabla ya kutangaza vita. Meli za washenzi, yaani maadui wa mchezo wasio na taifa, hazina masharti hayo, jifunzieni kwazo.

Sisi wa huku tumezoea kuona meli za Ziwa Nyasa kule Kyela, kwa hiyo mtu anaweza kujenga mji kando ya ziwa akisubiri kuunda meli. Kwenye mchezo huu ziwa halihesabiwi kuwa pwani. Mji lazima uguse bahari.

Mwisho, kila meli unayoiteka inadai matunzo ya dhahabu kila zamu. Hazina ikianza kushuka, vunja zile kuukuu ukiwa ndani ya mipaka yako, maana huko unarudishiwa dhahabu kidogo.