Kabla hujamtaja gadi bora wa ulinzi, usianze na mipira aliyoiba

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na simu mkononi. "Mjomba, kesi imeisha. 466." Alikuwa anamsema Jacob Gilyard, gadi wa kikapu (mchezaji wa nje, mbali na ringi) wa chuo cha Richmond, kijana wa futi 5 na inchi 9 aliyemaliza chuo mwaka 2022 akiwa ameiba mipira 466, yaani kuwapokonya wapinzani au kukata pasi zao, mingi kuliko mchezaji yeyote wa daraja la kwanza la vyuo vya Marekani. Rekodi kabla yake ilikuwa 385, ya John Linehan wa Providence, naye mfupi vilevile. Kwa mpwa wangu hapakuwa na la kuongeza: gadi mlinzi bora wa zama zote kashapatikana.

Sikumjibu haraka, kwa sababu na mimi niliwahi kuamini hivyo, na iliniponza. Jioni huwa nafundisha vijana kikapu hapa Dar. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kijana mwenye mikono myepesi ajabu, kila mechi anaiba mipira minne, mitano. Nilikuwa namwanzisha bila kufikiri. Tukafika nusu fainali ya mashindano ya vijana, tukafungwa vibaya, na usiku ule nikakaa na video ambayo mzazi mmoja aliirekodi kwa simu. Ndipo nikaona. Mtu wake ananyoosha mkono kuomba pasi, kijana anachomoka kuikata, anaikosa kwa ncha ya kidole, na nyuma yake wenzake wanne wamebaki na watu watano. Akiiba mara moja, jukwaa zima linasimama. Akikosa mara tatu, hakuna anayeandika popote. Kosa lilikuwa langu mimi kocha, kwa kuwa nilikuwa nasoma karatasi ya takwimu badala ya kuangalia mchezo.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea ubishi wa gadi wa vyuo wa zamani na wa sasa, kwanza namuuliza kama anajua hesabu hizo zilianza lini. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilianza kuhesabu rasmi mipira inayoibwa msimu wa 1985-86. Quinn Buckner, gadi wa ile Indiana iliyobeba ubingwa wa 1976 kwa kushinda mechi zote 32, humkuti kwenye orodha hiyo. K.C. Jones wa San Francisco, bingwa wa 1955, humkuti pia. Idadi ya misimu nayo si moja. Kabla ya 1972-73 mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida hakuruhusiwa kuchezea timu kubwa ya chuo, kwa hiyo gadi wa miaka ya 60 alipata misimu mitatu. Gilyard alipata mitano, kwa sababu ya mwaka wa nyongeza uliotolewa baada ya Korona.

Halafu angalia mwendo wa mchezo. Mookie Blaylock wa Oklahoma aliiba mipira 13 katika mechi moja, na akafanya hivyo mara mbili, mwaka 1987 na 1988. Mara ya pili ilikuwa dhidi ya Loyola Marymount, timu iliyokuwa ikikimbia na kurusha mpira haraka kama vile inadaiwa. Oklahoma yenyewe ilikuwa inafunga zaidi ya pointi 100 kwa mechi. Mechi ya namna hiyo ina mashambulizi mengi, na kila shambulizi ni mpira unaoweza kuibwa. Simvunjii heshima Blaylock, alikuwa mkali kwelikweli. Ila huwezi kumweka kwenye mizani moja na gadi aliyecheza kabla ya 1985, wakati timu ilikuwa huru kushika mpira dakika nzima bila saa ya kuiharakisha.

Sheria pia usiziache. Mstari wa pointi tatu ulienea vyuo vyote msimu wa 1986-87, ukiwa mita 6 hivi kutoka kwenye ringi. Kabla ya hapo gadi aliweza kurudi nyuma, akaziba njia, akamwachia mtu wake atupe kutoka mbali. Leo mstari uko mita 6.75, umbali uleule tunaochezea huku kwetu, na ukimwachia mtu hatua moja amekuadhibu. Mikono nayo imefungwa: tangu 2013-14 waamuzi waliagizwa kupuliza faulo ukimwekea mkono mwenye mpira. Gadi wa miaka ya 80 alimwongoza mtu kwa mkono kiunoni. Wa leo anafanya kazi hiyo kwa kifua na miguu tu.

Sasa sikiliza hili, ndilo ninalolipenda kuliko yote. Machi 1988, Duke na Temple, mechi ya kuingia nne bora. Temple walikuwa namba moja nchini, na mfungaji wao alikuwa Mark Macon, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekuwa gumzo la msimu. Duke wakampa Billy King kazi ya kumlinda. Macon alitupa mara 29 na kuingiza 6. Duke wakashinda 63 kwa 53. Ukitaka kujua King alifanya nini siku hiyo, usitafute jina lake kwenye karatasi ya takwimu. Soma mstari wenye takwimu za Macon. Ushauri wangu mkubwa ni huo: takwimu za mlinzi zimeandikwa kwenye jina la mtu mwingine.

Lakini hata mstari huo wa takwimu una mtego, nao ni nani amesimama nyuma. Katika fainali ya 1955 K.C. Jones, futi 6 na inchi 1, alipewa Tom Gola wa La Salle aliyekuwa na futi 6 na inchi 6. Gola akaishia pointi 16, Jones akafunga 24. Kazi kubwa. Ila Jones aliweza kumkaba Gola karibu vile kwa kuwa ukimpita unakutana na mwenzake mrefu, Bill Russell, chini ya ringi. Sisi Watanzania jambo hili tulilijua kwa Hasheem Thabeet wetu. Alipokuwa Connecticut, mchezaji bora wa ulinzi nchini mwaka 2008 na tena 2009, gadi wa timu ile walijua wakipitwa kuna mkono wa Mdar unasubiri juu. Gadi asiye na mtu wa hivyo nyuma yake na bado mtu wake hapiti, huyo mpe alama ya ziada.

Kwa mizani hiyo mimi namtaja Davion Mitchell wa Baylor. Katika fainali ya 2021 Gonzaga walikuja hawajafungwa hata mechi moja, wakaondoka wamelala 86 kwa 70. Mitchell alilinda chini ya sheria za leo, bila kumwekea mtu mkono, skrini (wapinzani wanaosimama kumzibia mlinzi njia) kila upande, mstari wa pointi tatu uko mbali. Itazame mechi ile ukimfuata yeye tu, mpira uusahau. Utaona mtu wake anageuza mgongo mapema, anatafuta mwenzake wa kumpa mpira kabla hata ya kuanzisha shambulizi walilopanga.

Mpwa hajakubali. Anasema Gary Payton, gadi wa zamani wa Oregon State, angemla Mitchell mzimamzima, na sina hakika kama nitambishia. Jumamosi tumekubaliana kutazama ile ya 1988, kila mtu na daftari lake. Yeye atamfuata King, mimi Macon.