Kabla ya kumwomba mtu arekebishe hitilafu, mfupishie njia

Katika miradi ya programu huria, yaani zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzibadilisha, kuna kilio kisichokwisha: vipengele vipya vinamiminika, orodha ya hitilafu inazidi kurefuka, na watunzaji wachache, yaani wanaosimamia mradi na kupokea mabadiliko, wanabaki kuhangaika peke yao. Kwa miaka kadhaa nimekuwa mtunzaji wa programu ndogo ya kurekodi mapato na matumizi, inayojengwa na watu wanaojitolea. Kuwasihi watu warekebishe hitilafu hakusaidii. Kuwagombeza ndiyo kabisa.

Mtu anayejitolea hana bosi. Anakuja baada ya kazi zake za kutwa, ana saa moja au mbili, na anataka zikiisha awe na kitu cha kuonyesha. Kipengele kipya kinampa hicho: anaandika msimbo (maandishi ya programu) wake mwenyewe tangu mwanzo, na anajua amemaliza lini. Kwenye hitilafu anaingia ndani ya msimbo wa mwingine, pengine aliyekwisha kuondoka, anapekua faili baada ya faili, na huenda usiku ukaisha bila hata kuiona hitilafu yenyewe ikitokea. Akifanikiwa, jasho lote hilo limezaa mstari mmoja uliobadilika. Mtu akichagua kipengele kipya hapo, simwoni mvivu wala mpenda sifa. Amepiga hesabu ya muda wake.

Kazi ya mtunzaji ni kuibadilisha hesabu hiyo. Muda mwingi wa kurekebisha hitilafu huishia kwenye kuitafuta, na kazi hiyo ya kuitafuta unaweza kuifanya wewe kabla hujamwita mtu.

Kwetu kulikuwa na ripoti iliyosema tu kwamba tarehe zinaharibika mtu akiingiza faili la benki. Watu walikuwa wakiifungua, wakiisoma, na kuondoka. Nikaamua kuiandaa. Nilitengeneza faili la mistari miwili: wa kwanza una tarehe 3/4, wa pili 25/4. Wa kwanza uliingia kama Machi 4 bila onyo lolote. Wa pili ulikataliwa, maana hakuna mwezi wa 25. Papo hapo ikawa wazi kwamba programu inasoma mwezi kabla ya siku, na kwamba tarehe za siku 12 za mwanzo wa kila mwezi zilikuwa zikigeuzwa kimyakimya kwenye hesabu za watu. Kisha nikatumia git bisect, amri ya Git (programu ya kutunza historia ya msimbo) inayoigawa historia ya mabadiliko nusu kwa nusu mpaka ilifikie badiliko lililoleta tatizo. Hata mabadiliko yakiwa 1,000, majaribio kama 10 yanatosha. Nikaandika kwenye ripoti: faili la mfano ni hili, tulitarajia hivi, tukapata hivi, tatizo lilianzia kwenye badiliko hili, anzia kutazama hapa. Msimbo sikuugusa.

Ripoti iliyokuwa ikikimbiwa ikapata mtu haraka, tena mgeni kabisa kwenye mradi, na kiraka chake, yaani marekebisho aliyoyaandika, kilikuja pamoja na jaribio la kuzuia kosa hilo lisirudi.

Utasema, ukishafika hapo si umalizie mwenyewe? Ni kweli, mara nyingi kinachobaki ni kazi ya dakika chache. Lakini ningemalizia mimi, ningebaki na mradi wenye mtu mmoja anayeielewa sehemu ile. Yule mgeni sasa ndiye anayejibu maswali yote ya tarehe, na anayajibu vizuri kuliko mimi.

Uandaaji wenyewe si lazima uufanye peke yako. Wageni wanaouliza waanzie wapi, wape ripoti za zamani wazijaribu: je, hitilafu hii bado inatokea kwenye toleo la sasa? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hana mazoea yetu ya kukwepa vitufe vibovu, kwa hiyo anaviona.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu linazidi yote yanayofuata: viraka vya hitilafu vipitiwe kwanza. Mtu aliyeleta marekebisho ya mistari mitano akasubiri majuma kadhaa, huku akiona kipengele kikubwa kikijadiliwa kila siku, amekwisha kuelewa mradi unathamini nini. Hata ukiandika kwenye mwongozo kwamba hitilafu ni muhimu, hatakuamini.

Kalenda nayo husaidia, kwa sababu haimbagui mtu. Kwenye kiini cha Linux, mfumo endeshi huria wa kompyuta, dirisha la kupokea mabadiliko makubwa hufunguliwa kwa wiki 2, kisha hufuata wiki kama 7 za marekebisho kabla toleo halijatoka. Debian, mfumo uliojengwa juu ya Linux, nao hugandisha mabadiliko kabla ya toleo na kuandaa mikutano ya kukimbizana na hitilafu zinazozuia toleo lisitoke. Mwenye kipengele hajakataliwa, anasubiri zamu. Wakati anasubiri, hitilafu ndiyo kazi iliyo mezani.

Orodha fupi pia huvuta watu kuliko ndefu. Mwaka 2009 Ubuntu, mfumo mwingine wa Linux, walichagua kero 100 ndogo ndogo zinazoweza kurekebishwa kwa urahisi, na KDE, wanaotengeneza madirisha na menyu anazoziona mtumiaji wa Linux, mwaka 2022 wakaanza kufuatilia kasoro ambazo mtumiaji hukutana nazo ndani ya dakika 15 za mwanzo. Orodha ya namna hiyo ina mwisho unaoonekana. Sisi tuna ya hitilafu kumi kwa kila toleo, na ya kumi na moja haingii mpaka mojawapo itoke.

Kuhusu shukrani, ziwe na jina. Kwenye kiini cha Linux, badiliko hubeba jina la aliyeripoti tatizo na la aliyejaribu kiraka, siyo la mwandishi pekee. Kwenye taarifa zetu za toleo, marekebisho yanatangulia vipengele, kila moja na jina la mtu, likielezwa kwa lugha ya mtumiaji: "tarehe za benki sasa zinaingia sawasawa". Jihadhari na zawadi za idadi. Hacktoberfest, kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu wachangie msimbo kwenye programu huria, iliyokuwa ikitoa fulana kwa michango 4, ilijikuta mwaka 2020 ikiwamwagia watunzaji michango isiyo na maana, hadi waandaaji wakabadilisha utaratibu ili miradi ishiriki kwa hiari yake.

Na zipo hitilafu ambazo mbinu hizi hazizifikii. Heartbleed, hitilafu ya usalama, iliingia kwenye toleo la Machi 2012 la OpenSSL, programu ya kulinda mawasiliano ya intaneti, na ikafichuliwa Aprili 2014, huku sehemu kubwa ya intaneti ikitegemea programu hiyo iliyotunzwa na watu wachache. Baada ya hapo Linux Foundation ilianzisha mfuko wa kugharimia miradi ya aina hiyo. Kwa hiyo hitilafu ya usalama, au inayodai miezi ya kuujenga upya msimbo, siiweki kwenye orodha ya wageni. Nawaandikia moja kwa moja wale wanaoitumia programu yetu kibiashara, nawaeleza tatizo faragha, nawaomba fedha au saa za wahandisi wao. Wengine hawajibu. Waliojibu ndio walioandika upya sehemu yetu ya kuhifadhi nywila.