Maswali ya Wasomaji: Kompaila Imekubali, Kihariri Kinakataa

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza lugha ya programu ya OCaml kwa kutumia kihariri cha VS Code. Nilipokuwa na toleo la 4.14 mambo yalikwenda vizuri, lakini tangu nilipotengeneza swichi (mazingira yenye kompaila na vifurushi vyake) ya toleo la 5, kihariri kinapiga mistari myekundu chini ya majina ya moduli zangu na kudai kwamba hazijulikani, ilhali nikiandika `dune build`, amri ya zana ya kujenga miradi ya OCaml, kwenye terminali programu inajengwa bila kosa. Tena, msimbo haujipangi ninapohifadhi faili, ingawa nimeiwasha huduma hiyo. Je, nifute kila kitu nianze upya? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, usifute chochote. VS Code yenyewe haiijui OCaml. Anayeijua ni seva ya lugha, yaani programu ya `ocamllsp`, ambayo huulizwa na kihariri jina fulani ni la aina gani, limetangazwa wapi, na kosa liko mstari upi. Ili ijibu, seva hiyo husoma faili za `.cmi` na `.cmt` ambazo kompaila huziacha kila inapojenga moduli, na kwa kuwa muundo wa faili hizo hubadilika kadiri matoleo yanavyobadilika, seva iliyojengwa kwa ajili ya 4.14 haiwezi kusoma kilichoandikwa na kompaila ya toleo la 5. Kwa maelezo yako, terminali imehamia swichi mpya, na kihariri kimebaki kwenye ile ya zamani.

Swichi mpya ya opam, yaani kidhibiti cha vifurushi vya OCaml, hairithi vifurushi vya swichi iliyotangulia, kwa hiyo ingia kwenye folda ya mradi wako na uandike:

`opam install ocaml-lsp-server ocamlformat`

Opam hupakua msimbo asilia na kuujenga kwenye mashine yako, hivyo kazi hii huchukua muda na kula bando. Ni afadhali uifanye palipo na Wi-Fi. Ikiisha, fungua katika VS Code folda yenyewe yenye faili ya `dune-project`, wala si folda ndogo iliyo ndani yake, kisha katika orodha ya amri chagua «OCaml: Select a Sandbox», uteue swichi mpya, na uiwashe upya seva.

Huenda mistari myekundu ikabaki kwenye moduli uliyoiandika punde, kwa sababu seva huzijua moduli nyingine kwa kusoma matokeo ya ujenzi tu. Mimi huacha `dune build --watch` ikiendelea kwenye terminali ya pembeni, nayo hujenga upya kila faili inapohifadhiwa. Ukikutana na somo linalokuelekeza kuandika kwa mkono faili ya mipangilio ya `.merlin`, lipite. Ni la zamani, na kwa mradi unaojengwa kwa dune, seva huuliza dune yenyewe.

Kuhusu kupanga msimbo, ocamlformat, programu inayofanya kazi hiyo, haigusi mradi usiokuwa na faili ya `.ocamlformat` kwenye folda yake kuu. Faili tupu inatosha.

Wanaotumia Emacs, ambayo tangu toleo la 29 la mwaka 2023 inakuja na eglot (kiunganishi chake na seva za lugha), hupatwa na tatizo la jamaa moja na lako: wakiifungua kwa kubofya ikoni, mara nyingi haizioni njia za opam. Waifungue kutoka terminali, baada ya kuandika `eval $(opam env)`.

Ili kuhakikisha, andika `let jumlisha = List.fold_left (+) 0` na uweke kipanya juu ya jina `jumlisha`. Seva ikifanya kazi utaona `int list -> int`, ingawa hukuandika aina yoyote. Usipoona kitu, andika `opam exec -- which ocamllsp` ndani ya folda ya mradi: njia itakayotokea isipopita katika swichi mpya, basi seva bado haijasakinishwa humo.