Mtoto Bado Anakohoa, Bili Nazo Zinamiminika

Swali: Mwanangu wa miaka 6 ana pumu. Alizidiwa usiku, tukalazwa siku 2 hapa Columbus, Ohio. Tuna bima ya kazini kwa mume wangu. Sasa hospitali inadai dola 6,180, daktari wa chumba cha dharura anadai dola 940 zake peke yake kwa kuwa hayumo katika mtandao wa bima yetu, yaani madaktari wenye mkataba nayo, na bima imeandika kuwa hapakuwa na haja ya kumlaza. Mtoto bado anakohoa usiku, nami naogopa kumrudisha tukiwa na deni. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu*

Jibu: Pole kwa kuuguza, mama. Tuanze na mtoto. Kukohoa usiku ni dalili kwamba pumu haijatulia, kwa hiyo mpigie daktari wake leo. Inhela ya kukinga hutumika kila siku hata akionekana mzima. Ile ya kuokoa hufungua kifua kwa saa chache tu, haiondoi uvimbe ulio ndani ya njia ya hewa. Mbavu zikibonyea anapovuta pumzi, akishindwa kumaliza sentensi au midomo ikigeuka rangi, piga 911. Deni halimfungii mlango: kwa sheria ya 1986, chumba cha dharura cha hospitali inayopokea fedha za Medicare (bima ya serikali, hasa ya wazee) lazima kimpime na kumhudumia hadi atulie, awe na deni au asiwe nalo.

Sasa bili. Usilipe chochote kwanza, wala usisaini mpango wa malipo. Piga ofisi ya malipo uombe mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na ni haki yako. Tafadhali usimtumie mtoto wako mwingine kutafsiri, maana neno moja likikosewa hapo linaweza kuwagharimu. Omba mchanganuo wa bili, yaani kila huduma na namba yake ya tarakimu 5. Namba 94640, kwa mfano, ni nebulaiza, yaani dawa ya kuvutwa kwa mvuke wa mashine. Hesabu imetozwa mara ngapi, kisha linganisha na faili la matibabu, ambalo nalo una haki ya kulipata. Waombe pia wasimamishe madai wakati unafuatilia, na uandike jina la karani, tarehe na saa.

Kagua jina na tarehe ya kuzaliwa. Kwa familia zetu zilizopitia kambi za wakimbizi, hapa ndipo mambo huharibika sana: majina matatu hupinduliwa, au tarehe ya 1 Januari iliyoandikwa kwenye karatasi za ukimbizi hailingani na ile iliyoko kwenye bima. Kompyuta ya bima haimtambui mtoto, dai la malipo lililotumwa na hospitali linarudi, na hospitali inakugeukia wewe. Kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa hospitali kutuma dai upya.

Zile dola 940 zipinge kwa maandishi. Tangu 1 Januari 2022, sheria inakataza daktari wa dharura aliye nje ya mtandao kukudai zaidi ya mgao, yaani sehemu ya gharama ambayo ungelipa angekuwa ndani ya mtandao. Mgao huo umeandikwa kwenye maelezo ya malipo yanayotumwa na bima, karatasi ambayo yenyewe si bili. Akiendelea kukudai, lalamika kwa simu ya serikali, 1-800-985-3059.

Kuhusu kulazwa, una siku 180 za kukata rufaa tangu upokee barua ya bima. Usitume malalamiko matupu. Mwombe daktari aandike oksijeni ya mtoto ilikuwa ngapi alipofika, nebulaiza alizopewa, na kwa nini hakuweza kurudi nyumbani usiku ule. Kwa huduma iliyokwisha kutolewa, bima inapaswa kujibu ndani ya siku 60. Ikikataa tena, una angalau miezi 4 ya kuomba mkaguzi wa nje, asiye mtu wao.

Wakati huohuo, kama hospitali hiyo ni ya kutotafuta faida, omba fomu ya msaada wa kifedha. Kuwa na bima hakukuzuii kuomba. Wanatakiwa kupokea ombi hadi siku 240 baada ya bili ya kwanza, na hawaruhusiwi kukushtaki kabla ya siku 120. Ambatisha hati za mishahara za karibuni na ubaki na nakala. Barua ya wakusanya madeni ikija kabla hamjamalizana, ipinge kwa maandishi ndani ya siku 30, kwa posta yenye risiti ya kupokelewa.