Gari la mtumba limechemsha Kitonga: nani analipa?

SWALI: Nimenunua gari kwenye yadi moja Mbeya. Wiki ya pili, nikitokea Morogoro, likachemsha mlima Kitonga. Fundi anasema gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia gesi na maji ya injini visichanganyike, imeungua, anataka kufungua injini. Mwenye yadi anasema nikishatoka getini gari ni langu, na risiti inasema "limeuzwa kama lilivyo". Nifanyeje?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Mzuie fundi kwanza. Injini ikifunguliwa bila ushahidi, yadi itasema yeye ndiye aliyeiharibu. Ikiwa baridi kabisa, fungueni mfuniko wa rejeta, washeni, rekodini video. Mapovu yasiyoisha ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Oili ya injini kwenye dipstiki (kijiti cha kuipimia) ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Angalieni pia kama themostati, vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, ipo. Wapo wanaoing'oa ili gari lisichemshe kwenye majaribio mafupi ya mjini. Mlima mrefu huwaumbua.

Ila msisahau kuukagua mfuniko wenyewe wa rejeta. Huko Mafinga, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko usioshika presha unatosha kuchemsha gari zima, na hapo dai lako litakuwa dogo sana.

Gasketi ikithibitika, fundi aandike ripoti yenye tarehe, kilomita, namba ya chasisi na muhuri wa gereji. Gasketi ya zamani usiitupe.

Sasa sheria. Kwa muuzaji ambaye biashara yake ni magari, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inadai bidhaa iwe na ubora unaokubalika sokoni, isipokuwa kwa kasoro ambayo ukaguzi ulioufanya ungepaswa kuiona. Gasketi haionekani kwa macho. Ungenunua kwa jirani, ungebaki zaidi na hoja ya kudanganywa. Maneno "kama lilivyo" yanampa muuzaji pa kujifichia, lakini hayafuti uongo: kama aliandika WhatsApp kwamba injini haina tatizo, hifadhi ujumbe huo.

Liegeshe. Ukiendelea kulitumia unaweza kuhesabiwa umelikubali, na haki ya kulirudisha itabaki kuwa ya fidia tu. Mpelekee barua leo, ambatanisha ripoti, taja unachotaka (matengenezo, sehemu ya bei au kurudisha gari), mpe siku 14, na nakala yako isainiwe kuwa imepokelewa. Akinyamaza, nenda Tume ya Ushindani, FCC, ambayo ina ofisi ya kanda Mbeya, kwa malalamiko ya kupotoshwa. Fidia yenyewe idai mahakamani.