Maji yaliumbwa siku gani?

SWALI: Bwana asifiwe mtumishi. Nasoma Mwanzo sura ya 1 na kuna kitu kinanisumbua. Nuru siku ya kwanza, anga ya pili, miti ya tatu, sasa maji je? Sioni popote Mungu aliposema na yawe maji, mstari wa 2 yapo tu tayari. Na mvua je, ilikuwepo?

JIBU: Asifiwe sana ndugu yangu. Wala hujapitiwa, hilo neno halipo kweli. Mstari wa 1 Mungu anaumba mbingu na nchi, wa 2 tunaikuta nchi imefunikwa na vilindi vya maji na giza juu yake, kwa hiyo mimi nayahesabu humohumo kwenye mstari wa 1. Zaburi 148 nayo inayataja maji ya juu ya mbingu halafu inasema aliamuru, vikaumbwa.

Na hapo kwenye giza usipite haraka. Biblia yetu inasema Roho ya Mungu "ikatulia" juu ya maji, lakini kile kitenzi cha Kiebrania ndicho kilekile cha Kumbukumbu 32:11, tai anayepapatika juu ya makinda yake. Yaani mabawa yanatikisika juu ya kiota! Mi nikisoma hivyo yale maji hayanitishi tena.

Halafu angalia, siku ya pili anayatenga, mengine juu ya anga mengine chini, na ndio siku pekee kati ya zile sita usiyokuta "Mungu akaona ya kuwa ni vyema", ila siku ya tatu unalikuta mara mbili. Rashi, mwalimu wa Kiyahudi wa karne ya 11, alisema ni kwa sababu kazi ya maji ilikuwa haijaisha, na mi nakubaliana naye kabisa, maana "vyema" ya kwanza ya siku ya tatu inakuja palepale maji yamekusanyika, pakavu pameonekana, bahari imepata jina lake, ndio majani na miti vinafuata.

Mvua sasa. Mwanzo 2:5 inasema Mungu alikuwa hajainyeshea nchi, ukungu ndio ulipanda ukalowesha ardhi yote, na mto ukatoka Edeni ukagawanyika vichwa vinne. Pishoni na Gihoni watu wanabishana mpaka leo iko wapi, ila Frati na Hidekeli, ambao ndio Tigris, ipo na inapita Iraki.