Majibu kwa Wasomaji: Kuba la Dhahabu la Notre Dame

SWALI: Ndugu Mhariri, katika picha za Chuo Kikuu cha Notre Dame, jimboni Indiana, Marekani, naona jengo kuu lenye kuba la dhahabu, kanisa la mtindo wa Kigothi pembeni yake, na maktaba ndefu kama ghorofa la mjini. Je, chuo hiki kilijengwa kwa ramani moja? Na jengo kongwe zaidi ni lipi? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Ramani moja haikuwapo. Padre Edward Sorin, Mfaransa wa Shirika la Msalaba Mtakatifu (ndilo lililoingia Uganda mwaka 1958), alifika hapo na mabruda wachache Novemba 1842, akakuta maziwa mawili na kikanisa cha magogo. Udongo wenye chokaa uliochimbwa kando ya maziwa hayo ulitoa matofali ya manjano hafifu, na rangi hiyo ndiyo inayoyafanya majengo ya zamani yafanane hata pale mitindo inapotofautiana.

Sura unayoiona pichani ilizaliwa na moto. Tarehe 23 Aprili 1879 jengo kuu liliteketea. Sorin, aliyekuwa na umri wa miaka 65 na yuko njiani kwenda Ulaya, alirudi na kuagiza lijengwe upya bila kuchelewa. Ramani ya Willoughby Edbrooke, msanifu kutoka Chicago, ilichaguliwa, kazi ikaanza Mei, na Septemba masomo yakaendelea ndani ya jengo jipya. Haraka hiyo haijifichi: uso wa jengo umerundikiwa madirisha yaliyochongoka, vinara na roshani, na kwa maoni yangu lingekuwa la kuchosha macho kama si kuba lililokamilika mwaka 1882, lenye sanamu ya Bikira Maria kileleni. Sorin alitaka dhahabu halisi, wenzake wakaogopa gharama. Husimuliwa kwamba alihamia kwa masista wa Saint Mary's, ng'ambo ya barabara, akakataa kurudi hadi wakubali. Kuba lilipakwa dhahabu mwaka 1886.

Basilika ya Moyo Mtakatifu, iliyotabarukiwa mwaka 1888, ni Ufaransa iliyohamishwa: vioo vyake vya rangi vilitengenezwa Le Mans, katika eneo alikotoka Sorin mwenyewe, na michoro ya ukutani ni ya Mwitaliano Luigi Gregori. Ugothi huo ulirudi kwa nguvu miaka ya 1920, Ralph Adams Cram aliposhiriki kusanifu bwalo la chakula la kusini. Maktaba, ya mwaka 1963, haikujali lolote kati ya hayo. Ina ghorofa 14, na ukuta wake wa kusini umefunikwa na picha ya Kristo iliyoungwa kwa vipande vya mawe, kazi ya Millard Sheets.

Kongwe kuliko yote ni Old College, nyumba ya matofali ya mwaka 1843. Kikanisa cha magogo kinachoonyeshwa wageni jirani yake ni nakala ya mwaka 1906, kwa kuwa kile cha awali kiliungua mwaka 1856.